Mwanafunzi akishitakiwa shuleni: kitu gani kwanza, na nani aamue

Katika teritware ya Kailo, kama mahali pengi pa Maniema, shule nyingi ni za makanisa. Tangu mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 kati ya serikali na makanisa, sisi Waprotestanti tunasimamia shule ambazo programu yake ni ya serikali, lakini uongozi na malezi ya kila siku viko mikononi mwetu. Kwa hiyo jambo likitokea katika shule yetu ya Lokandu, kama vile wizi, mapigano, mimba, kisu katika mfuko au moto katika darasa, watu hawaulizi tu Prefe amefanya nini. Wanauliza kanisa limefanya nini.

Makala hii imeandikwa kwa wale wanaopaswa kuamua siku hiyo: madirekta wa shule za msingi, maprefe, madirekta wa nidhamu, kamati za wazazi, wachungaji wanaogongewa mlango usiku, na maofisa wa polisi, ambao wengi wao tunashiriki nao meza ya Bwana. Tumeona makosa ya namna mbili ambayo yanaonekana kupingana. Kuna shule inayomkabidhi mtoto kwa polisi kwa jambo ambalo mwalimu mwenye subira angelimaliza kwa asubuhi moja. Na kuna shule inayomaliza ndani ya ofisi, kwa mbuzi na pesa kidogo, jambo ambalo ni la parke. Kwa maoni yetu mzizi ni mmoja: haraka ya kuondoa aibu kabla ya kujua ukweli.

Mkoba wa Bukoba

Mfano ulio wazi kuliko yote tunayoyajua ulitokea kwa jirani zetu wa Tanzania. Mwezi wa Agosti 2018, katika shule ya msingi Kibeta mjini Bukoba, mwalimu mmoja alikosa mkoba wake. Mvulana wa darasa la tano, mwenye miaka 13, alishukiwa. Mwalimu wa nidhamu akampiga ili akiri. Mtoto alikufa siku ile ile. Kisha ikajulikana kwamba mkoba haukuibiwa: mwenyewe aliusahau kwenye pikipiki iliyomleta kazini, na dereva akaurudisha. Mwezi wa Machi 2019 Mahakama Kuu ilimhukumu yule mwalimu wa nidhamu adhabu ya kifo kwa kuua.

Tukisoma habari hii tunaharakisha kusema kwamba yule alikuwa mtu mkali. Labda. Lakini tuangalie mpangilio wa mambo, kwa sababu mpangilio huo uko katika shule nyingi zetu. Kitu kimepotea, mtu mzima ana uhakika kwamba kimeibiwa, jina la mtoto linatajwa, fimbo inachukuliwa ili mtoto aseme kile ambacho mtu mzima tayari anakiamini. Hakuna aliyeuliza swali la kwanza: mara ya mwisho mkoba ulionekana wapi? Swali hilo lingechukua dakika tano. Halihitaji polisi, halihitaji fimbo, wala halihitaji digrii.

Biblia inajua vizuri hatari ya ushahidi unaoonekana kamili. Katika Mwanzo 44 magunia ya wana wa Yakobo yanapekuliwa moja moja, kuanzia mkubwa hadi mdogo, na kikombe cha fedha kinapatikana katika gunia la Benyamini. Kitu kimekutwa kwake, mbele ya mashahidi. Na Benyamini hana kosa hata kidogo: aliyeweka kikombe ndiye yule yule aliyepekua. Sura chache nyuma, katika Mwanzo 39, Yosefu mwenyewe alitupwa gerezani kwa sababu vazi lake lilikuwa mkononi mwa mwenye kumshitaki. Direkta anayesema «simu imekutwa katika mfuko wake, basi jambo limekwisha» asome tena sura hizo mbili. Simu katika mfuko ni mwanzo wa maswali. Nani alikaa karibu naye? Mfuko ulibaki peke yake wakati gani? Nani alisema upekuliwe mfuko huo kwanza, na alijuaje?

Hapa tuseme neno juu yetu wachungaji. Inatokea kwamba mchungaji anaitwa shuleni ili aombe na mwizi «afunuliwe», au wanafunzi wote wanapangwa mstari waapishwe juu ya Biblia. Tusikubali. Mtoto mwenye hofu hutetemeka hata kama hana kosa, na mwizi mzoefu anaapa bila kupepesa macho. Tena mara nyingi anayeonyeshwa na maombi ya namna hiyo ni yule ambaye darasa tayari halimpendi: yatima, mgeni, anayeitwa mchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, inamwadhibu mtu anayemsingizia mtoto uchawi kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3. Kifungu hicho hakimwachi nje mwalimu wala mtumishi wa Mungu.

Jambo la nidhamu na jambo la parke

Mkuu wa shule anapaswa kujua kutenganisha mambo mawili kabla ya kuinua simu. Jambo la nidhamu ni lile linalovunja taratibu ya shule: kuchelewa, kutukana, kupigana bila jeraha kubwa, kunakili mtihani, kukataa kazi, kuvunja kiti, wizi wa daftari au wa pesa kidogo. Hilo linaamuliwa ndani ya shule, pamoja na mzazi, kwa adhabu inayojulikana mbele na iliyoandikwa. Kumwita askari mwenye silaha aingie darasani kwa jambo kama hilo ni kukiri mbele ya wanafunzi wote kwamba shule haina tena mamlaka. Mwanafunzi anayefukuzwa kwa hasira katikati ya mwaka hakai nyumbani akisoma. Katika Kailo machimbo hayako mbali, na Maniema imeona watoto wengi wakiingia katika vikundi vya silaha. Prefe anayetia sahihi karatasi ya kumfukuza kijana wa miaka 15 aseme kwa sauti, mbele ya kamati, anafikiri kijana huyo atakuwa wapi baada ya mwezi mmoja.

Jambo la parke ni lingine: jeraha kubwa, kifo, silaha, moto uliowashwa kwa makusudi, na juu ya yote jeuri ya kijinsia, iwe imefanywa na mwanafunzi, mwalimu, mlinzi au mchungaji. Hapa shule haina ruhusa ya «kupatanisha». Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 ziko wazi: mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, makosa ya jeuri ya kijinsia hayamalizwi kwa faini ya makubaliano, na adhabu inazidi pale mkosaji anapokuwa mtu mwenye mamlaka juu ya aliyeumizwa, kama mwalimu. OPJ, yaani ofisa wa polisi mwenye kazi ya kuchunguza makosa, anapopokea jambo kama hilo anapaswa kuijulisha parke katika saa 24.

Tunajua kinachotendeka badala yake. Familia mbili zinaketi, wazee wanasema, mahari inatajwa, mwalimu anahamishwa kwenda shule nyingine ambako hawamjui. Kila mtu anasema kwamba heshima ya msichana imelindwa. Msichana mwenyewe hakuulizwa.

Kenya ilijifunza kwa uchungu mahali ambapo mazoea hayo yanafika. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika sekondari ya St. Kizito huko Meru, wavulana waliokuwa katika mgomo walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Kilichoshitua nchi zaidi ni kwamba baadhi ya wakuu wa shule walizungumzia ubakaji wa wasichana kama jambo lililozoeleka pale. Maana yake ni kwamba kabla ya usiku ule kulikuwa na matukio mengine, madogo kwa macho ya ofisi, ambayo hakuna aliyeyapeleka mbele. Ofisi ilikuwa imezoea.

Na mwaka 2016, Mbeya, Tanzania, video ilienea ikionyesha walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi mmoja kwa ngumi na mateke katika ofisi. Walimu hao walifukuzwa katika vyuo vyao. Mkuu wa shule aliondolewa katika cheo chake, ingawa hakumpiga mtu: kosa lake lilikuwa kutolipeleka jambo mbele. Siku hizi hata Lokandu kuna simu yenye kamera. Lakini tunasikitika kila tunaposikia kiongozi akiitaja kamera kama sababu ya kuwa mwangalifu, kana kwamba bila kamera jambo lingekuwa jingine.

Kwa polisi

Ndugu zetu wa Polisi ya Taifa wana kazi ngumu, mshahara mdogo na mara nyingi hawana hata karatasi ya kuandikia PV. Tunalijua hilo na tunaliombea. Lakini mtoto anapoletwa mbele ya meza yao, kuna mambo ambayo sheria imekwisha kuyaamua, na Komanda hana haja ya kuyafikiria upya.

La kwanza ni umri. Kwa kifungu cha 95 cha sheria ya 2009, mtoto aliye chini ya miaka 14 hawezi kuhesabiwa kuwa na hatia ya jinai, na hakuna ushahidi unaoweza kugeuza hilo. Mvulana wa miaka 12 aliyeiba kuku hana nafasi katika kasho, hata kwa saa moja «ili apate somo». Aliye na miaka 14 hadi 17 ana jaji wake mwenyewe: sheria hiyo hiyo, kifungu cha 84, inataka Tribunali ya Watoto katika kila teritware na kila mji. Kama umri haujulikani, tafuta cheti cha kuzaliwa, karatasi ya ubatizo, rejista ya shule. Mara nyingi rejista ya kanisa ndiyo pekee iliyobaki, na ni wajibu wa katibu wa parokia kuifungua bila kudai pesa.

La pili ni wazazi. Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inampa kila mtu aliyekamatwa haki ya kujulishwa mara moja sababu, katika lugha anayoielewa, na haki ya kuwasiliana na familia yake. Tena haimruhusu mtu kuwekwa na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa mbele ya mamlaka ya sheria yenye uwezo. Kwa mtu mzima hiyo ni mipaka ya mwisho. Kwa mtoto, Mapatano ya Kimataifa ya Haki za Mtoto, ambayo nchi yetu iliyathibitisha mwaka 1990, yanasema kwamba kumfunga ni njia ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi kabisa, na mbali na watu wazima. Kasho ya chumba kimoja haina «mbali na watu wazima». Basi mtoto arudi nyumbani na mzazi atie sahihi ya kumleta tena.

La tatu linatokea sana na halisemwi: kijana amekimbia, basi anakamatwa baba yake, au kaka yake, au mama. Kifungu cha 17 cha Katiba kinakataza. Kosa ni la mtu mwenyewe. Hakuna anayefungwa kwa kosa la mwingine. Kifungu hicho hicho kiwasaidie pia madirekta wanaopenda kuadhibu darasa zima kwa sababu mmoja hakutajwa.

Juu ya kupiga ili mtu aseme, tunampa kila ofisa Matendo 22 aisome akiwa peke yake. Jemadari wa Yerusalemu anataka kujua kwa nini watu wanampigia Paulo kelele, na anaagiza ahojiwe kwa mijeledi. Paulo anauliza swali moja tu la sheria. Wale waliokuwa tayari kumpiga wanaondoka, na jemadari mwenyewe anaogopa. Kesho yake anamfungua Paulo na kuwaita washitaki waseme mbele yake. Alikuwa mpagani, tena askari wa dola la Rumi, lakini aliposikia sheria alisimama.

Labda hapa ndipo Lokandu ina historia yake. Mji wetu unajulikana kwa kambi ya askari tangu wakati wa Force Publique, na katika Kongo ya Wabelgiji fimbo ilikuwa chombo cha kambi, cha mashamba na cha gereza pia. Shule iliichukua kutoka huko. Wazee wanaotuambia kwamba fimbo ni malezi ya mababu wanasahau ni nani aliyeihesabu kwa idadi, mbele ya bendera, asubuhi.

Kambi inaleta pia kishawishi cha leo. Mzazi mwenye ndugu mwanajeshi anaona ni rahisi kumwita «aje amtishe kidogo» mwanafunzi aliyempiga mtoto wake. Mwanajeshi hana kazi katika mambo ya wanafunzi. Hata mahakama za kijeshi, kwa kifungu cha 114 cha sheria yake ya mwaka 2002, hazina uwezo juu ya mtu aliye chini ya miaka 18. Direkta akiona sare ya jeshi katika uwanja wa shule kwa jambo kama hilo, asiwakabidhi mtoto. Apige simu kwa Komanda wa polisi na kwa mchungaji, abaki na mtoto ofisini, mlango wazi.

Saa ya kwanza

Tuchukue jambo la kawaida. Simu ya mwalimu imepotea wakati wa mapumziko. Wanafunzi watatu walionekana karibu na ofisi. Mwalimu ana hasira, na simu ilikuwa ya mkopo.

Mwenye simu asiwe mwenye kuuliza. Hilo ni la kwanza, na tunalisisitiza kuliko mengine yote. Direkta amtoe mwalimu huyo nje ya jambo, amwombe aandike mara ya mwisho aliiona simu wapi na saa ngapi. Kisha aite mtoto mmoja mmoja, mbele ya mwalimu mwingine, wa kike kama ni msichana. Aulize maswali yaliyo wazi: ulikuwa wapi, uliona nini, nani mwingine alikuwepo. Asiulize «kwa nini uliiba?» kwa sababu swali hilo limekwisha kuhukumu. Wakati huo huo mtu atumwe kuita wazazi, si baada ya uamuzi. Kumbukumbu la Torati 19 inataka mashahidi wawili au watatu na waamuzi wachunguze kwa bidii, na Nikodemo katika Yohana 7 aliwauliza wakubwa wenzake kama inafaa kumhukumu mtu kabla ya kumsikia. Shule ya Kikristo isiwe chini ya Nikodemo, ambaye wakati huo hata hakuwa amejitangaza kuwa mwanafunzi wa Yesu.

Yote yaandikwe katika daftari moja la matukio, lenye kurasa za namba: tarehe, saa, nani alisema, na tofauti kati ya «niliona» na «nilisikia». Maneno ya mtoto yaandikwe kama alivyoyasema, kwa Kiswahili chake, yasigeuzwe kuwa Kifaransa cha ofisi. Tumesoma PV ambamo mtoto wa darasa la nne anasema kama mwanasheria. Hakuna jaji anayeamini, na mtoto mwenyewe hatambui maneno yake.

Kama jambo ni la parke, mambo yanabadilika. Direkta asifanye uchunguzi wake mrefu, asimhoji msichana aliyeumizwa mara tatu mbele ya watu watano. Hospitali kwanza, na nguo zisifuliwe. Katika ubakaji, dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza kabla ya saa 72 kupita, na kutoka Lokandu saa hizo zinakwisha upesi. Polisi ina kikosi cha kulinda watoto na kupiga vita jeuri ya kijinsia. Mkuu wa shule awe na namba yake kabla ya siku ya tatizo. Mtuhumiwa, kama ni mtumishi wa shule au wa kanisa, aondolewe karibu na watoto siku hiyo hiyo, bila kutangazwa kuwa na hatia.

Kuna jambo la safari pia. Parke iko Kindu. Kwa mto au kwa pikipiki, safari ina gharama, na mara nyingi aliyeumizwa ndiye anayeombwa alipe ya kwake, ya mzazi wake na ya OPJ. Mambo mengi hayafi kwa sababu watu wanapenda uovu. Yanafia bandarini kwa kukosa nauli. Tunapendekeza kila parokia yenye shule iweke sanduku dogo kwa ajili ya safari hizo, lenye mama wa chama cha wanawake kama mtunza ufunguo, na mtoto asisafiri hata mara moja peke yake na askari wa kiume.

Kisha kuna siku ya kurudi, ambayo karibu hakuna anayeipanga. Mtoto ameonekana hana kosa, au amemaliza adhabu yake, au aliumizwa na sasa ameanza kupona. Anaingia darasani na watu wote wananyamaza. Kama alishitakiwa mbele ya mstari wa asubuhi, basi atangazwe kuwa hana kosa mbele ya mstari ule ule, na mtu yule yule, kwa sauti ile ile. Kama alikosa na akaadhibiwa, mwalimu asimwite kwa kosa lake. Na mwalimu wa darasa ahakikishe siku hiyo kwamba kiti chake hakikupewa mwingine, na kwamba jina lake halikufutwa katika orodha ya Exetat.